Mbwa Asiye na Mkanda

Esteri alikaza fundo kwa meno, akavuta kamba ya gome mpaka nguzo ya tatu ikatulia. Dungu la kulindia shamba lilikuwa bado halina sakafu wala ngazi. Upande wa bondeni nguruwe pori walikuwa wamelaza kipande kizima cha shamba na kuacha mahindi machanga yametafunwa nusu nusu.

Miaka yote hakuhitaji dungu. Alikuwa na Komando. Mume wake, kabla hajafa, alimfunga mbwa huyo njuga ya chuma shingoni, kama wazee wao walivyowafunga mbwa wa kuwinda. Esteri alilala nyumbani akiisikia ikishuka bondeni kwa kasi, kisha ikipanda taratibu. Hapo alijua chakula kipo.

Sasa Komando alikuwa amelala pembeni mwa mahindi, tumbo limejaa maji, miguu imebaki vijiti. Kila alipokohoa njuga ililia kidogo.

"Wifi, huyo usimtegemee tena," alisema Ange, dada wa marehemu, akimrushia kamba nyingine. "Amekwisha."

"Anakula."

"Hata anayekufa hula."

Mwaka jana, baada ya mavuno, gari la kipaza sauti lilipita kijijini likitangaza kwamba mbwa wote wapelekwe uwanjani, waandikwe. Kila mbwa angefungwa mkanda mwekundu, na mwenye mbwa angepewa bure vidonge vya kuzuia minyoo ya moyo, ile inayoletwa na mbu. Watu walisikia neno moja tu: waandikwe. Wao, au wazazi wao, walikuwa wametoka Burundi, na wengi sasa walikuwa raia. Lakini kaka yake Esteri aliwahi kuitwa kambini aandikwe upya, na mara ya mwisho Esteri alipomwona alikuwa dirishani mwa basi lililoelekea mpakani.

"Walianza na sisi," Ange alisema siku ile. "Sasa wamefika kwa mbwa."

Wakawafunga mbwa midomo kwa kamba za migomba, wakawalaza mihogoni mpaka gari likaondoka. Njuga ya Komando Esteri aliishindilia nyasi isilie.

Sasa pikipiki ilizimwa barabarani. Ange akainama kama anayeng'oa magugu, akapotea katikati ya mahindi. Tharsisi, bwana mifugo, aliingia shambani akisukuma majani kwa kiwiko.

"Mama Divine, amahoro," alimsalimu Esteri.

"Amahoro, bwana mifugo. Karibu."

"Naona unajenga ghorofa."

"Nguruwe wamejua mlinzi anaumwa."

Tharsisi alichuchumaa mbele ya Komando, lakini hakumgusa. Akatoa mkobani mkanda mwekundu, mpya, bado uko kwenye nailoni.

"Kesho wageni wa mradi wanapita barabara hii kwenda Kitanga. Wanataka kuona mbwa waliotibiwa. Shamba lako liko mbele kabisa."

"Huyu hakutibiwa."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umeleta dawa?"

"Nimeleta mkanda."

Esteri aliuangalia mkanda, kisha mkoba, kisha mikono ya yule mtu.

"Mpe dawa kwanza, halafu umfunge."

"Mama, vile vidonge ni vya kuzuia. Huyu minyoo imeshajaa moyoni. Anataka sindano, na sindano hatuna."

"Vidonge vya mwaka jana vilikwenda wapi?"

"Si mlificha mbwa? Dawa haimngoji mtu aliyejificha."

"Nimeviona Kasulu mjini, dukani kwa Saady. Neno HAIUZWI limekwanguliwa kwa wembe, lakini linasomeka. Niliomba kimoja. Nikaambiwa vinauzwa kwa boksi, wanaochukua ni wenye mbwa wa getini."

Tharsisi alisimama, akajipangusa magoti ingawa hayakuwa na udongo.

"Maboksi hufanana, mama." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Wewe uraia ulipata lini?"

Ndani ya mahindi, magugu yaliacha kung'olewa.

"Zamani."

"Cheti kipo?"

"Kipo."

"Kitunze vizuri. Mwananchi mwenye cheti hushirikiana na wenzake. Ijumaa wanakuja watu wa bunduki. Mbwa asiye na mkanda ni mzururaji, hawatamuuliza ni wa nani."

Esteri aliyapima maneno hayo. Komando akifungwa mkanda, atahesabiwa kuwa ametibiwa. Sindano zikija, itasemwa huyu alishapata. Asipofungwa, Ijumaa haiko mbali. Alitafuta mtego uko upande gani, akauona pande zote mbili.

"Mfunge," alisema.

Njuga ilizuia. Tharsisi akaikata kamba yake kwa kisu na kuitupa kando. Shingo ilikuwa imekonda hivi kwamba mkanda ulicheza hata kwenye tundu la mwisho. Akaomba msumari, akatoboa jingine.

"Kesho usimsimamishe. Alale hapa hapa. Mbwa aliyelala anaonekana ameshiba."

Alimwomba Esteri asogee, nguzo za dungu zisiingie kwenye picha. Akapiga mbili kwa simu yake, akaaga, akaondoka.

Ange alitoka pikipiki ilipokwisha kusikika.

"Yebabawe! Amekuuliza cheti."

"Nimesikia."

"Kiko wapi?"

"Kwenye bati la unga."

"Kihamishe."

Walifunga miti miwili ya sakafu, kamba ikaisha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima vya upande wa Burundi. Ange alisema kesho asubuhi atakwenda kuchuna magome mengine, sakafu waimalize na ngazi waifunge kabla ya mchana. Akaondoka na jembe lake.

Esteri alikuwa anaokota panga alipolisikia bua la kwanza likivunjika bondeni. Kisha la pili. Komando aliinua kichwa. Masikio yakasimama, miguu ya mbele ikasukuma ardhi, tumbo likamrudisha chini. Mkanda haukutoa sauti yoyote.

Esteri aliipapasa njuga kwenye majani, akaipata. Aliitia ncha ya kitenge kwenye pete ya njuga, akaifunga kiunoni, akaanza kushuka bondeni. Ililia kila alipokanyaga.