Joto la Vidole vya Charline

Tangu Charline alipotolewa chumba cha upasuaji, Koko Julienne hakuuachia mkono wa mjukuu wake. Aliufunika kwa kitenge, akaukumbatia kwa viganja vyake viwili kama kuku anayeatamia.

"Koko, unataka kuolewa na huo mukono?" Mama Nyirarukundo wa kitanda cha pili alimtania, huku akimsogezea chai aliyoletewa yeye mwenyewe.

"Nilishaolewa zamani. Huu naulinda tu."

Risasi ya kupotea ilimkuta Charline uani kwao mtaa wa Mapendo, mkono wa kushoto juu, akianika nguo. Iliingia kwapani. Na huo wa kushoto ndio uliokuwa mkono wake wa kazi. Ndio aliosukia watu nywele. Alipokuwa mdogo majirani walitaka ufungwe kamba ili azoee wa kulia. Koko Julienne alikataa.

Daktari Florent alimweleza Koko bila haraka, ameketi ukingoni mwa kitanda kama mtoto wa nyumbani. Mshipa mkubwa wa damu hupita chini ya mfupa wa mtulinga, huingia kwapani, kisha hushuka mkononi. Ulikatika hapo kwapani. Ameushona, lakini hajui kama damu imekubali kupita.

"Mama, barabara ya Rutshuru ikifungwa, muzigo ya Butembo inafikaka hapa Goma namna gani?"

"Inazungukia Uganda." Marehemu mume wake alichuuza maharagwe, hilo hakuhitaji kufundishwa.

"Basi, na damu ni vile. Kuna mishipa midogo inazunguka bega na huu mufupa wa nyuma." Akamgusa mgongoni, taratibu. "Lakini yeye amekatika chini zaidi. Kule njia za kuzungukia ni chache. Tuangalie vidole. Vikipata moto, mukono umepona. Vikibaki baridi, tutaukata, ama utamuua."

Karibu na mchana Charline alifumbua macho. Mkono wenyewe hakuusikia.

"Koko, vidole iko moto?"

"Iko moto, mwana wangu! Moto kabisa!"

Sauti yake ilimleta muuguzi Fabiola mbio. Fabiola akagusa, akatabasamu, akaenda kumwita daktari. Daktari Florent aliweka vidole vyake kwenye kifundo cha mkono, akasikiliza kwa muda mrefu. Hakutabasamu.

"Mama, uachilie kidogo. Na kitenge, ukitoe."

Koko Julienne akakikunja kitenge, akaiweka mikono yake mapajani. Upepo wa ziwa uliingia dirishani. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi waliomngoja, lakini alivuta kiti akakaa nao.

"Sasa uguse."

Aligusa kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akagusa kidole kimoja, kisha kingine, kisha akarudia cha kwanza. Vyote vilikuwa vimepoa.

"Koko?"

Alitamani kusema uongo. Lakini hakuwahi kumdanganya mjukuu huyu.

"Ilikuwa moto ya mikono yangu, Charline. Yako haikurudi."

Charline aligeukia ukutani. Daktari akainuka, akatoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji.

"Koko."

"Niko hapa."

"Uushike tena. Mpaka wakuje."

Akaushika, akauinamia, machozi yake yakidondokea vidole visivyoyasikia. Fabiola alipofika na kitanda cha magurudumu, alisimama mlangoni, akawaacha.