Ngano Juu ya Kitanda

Nikiri kosa mapema, kabla hamjanikamata. Mara ya kwanza kusimulia kisa hiki, kwa kinyozi mmoja pale Rockey Street, Johannesburg, nilisema mwenye nyumba alikuwa Mreno. Kinyozi akazima mashine, kichwa cha mtu kikabaki nusu. "Mreno wapi? Yule ni Mgiriki! Muulize Marcelline, yeye ndiye alikaa kwake." Basi nikamuuliza Marcelline, na tangu hapo nasimulia vile alivyoona yeye.

Marcelline ni msusi, mtu wa Likasi, Kongo. Alipanga chumba cha uani katika nyumba kongwe ya mtaa wa Bellevue, mojawapo ya zile zilizokatwa vyumba kama mkate. Mbele alikaa mwenye nyumba, Mzee Lefteri, na mkewe Vasiliki, ambaye wote walimwita Mama Vaso. Mzee alizaliwa Kasenga, kule Katanga kando ya mto Luapula, ambako baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Kiswahili alikinyonya kwa yaya, na uzeeni alikitumia zaidi kugombeza wapangaji. Mama Vaso yeye aliletwa kama bibi harusi kutoka Karpenisi, mji mdogo wa milimani huko Ugiriki, mumewe akiwa amemwona kwenye picha tu. "Kwa picha alikuwa amenyamaza," alizoea kusema, akimnyooshea mzee kidole.

Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilipochukua maduka ya wageni pamoja na lao, wakakimbilia Johannesburg. Miaka ikapita, Wagiriki wenzao wakahamia mitaa ya mageti na bustani, Wakongo wakajaa Bellevue, na wale wawili wakajikuta wamezungukwa tena na Kiswahili.

Amani haikuwepo. Mama Vaso na Marcelline walikuwa na vita vyao vya kila siku, na uwanja wa vita ulikuwa shimo la maji machafu uani.

"Nywele zako zinaziba shimo yangu!"

"Shimo yenyewe ni nzee kuliko weye, Mama!"

Siku moja bibi alimtemea mate mtoto wa Clémentine, fundi cherehani wa chumba cha pili. Ptu, ptu, ptu, huku anatabasamu. Kwao Karpenisi ndivyo mtoto mzuri anavyokingwa na jicho baya. Lakini Clémentine hajawahi kufika Karpenisi. Nusura amchome bibi wa watu na pasi.

Baridi ya mwaka 2016 Mama Vaso akafa. Wapangaji walimpa mzee pole mlangoni, wakarudi vyumbani mwao. Yeye akazidi ukali. Akawa anafunga mfereji wa uani kila akikasirika, na alikasirika kabla ya chai.

Jumamosi moja, karibu na siku ya arobaini ya marehemu, mfereji ulikuwa mkavu tena na Marcelline ana mteja mwenye povu kichwani. Akaenda mbele kugombana. Akapita dirisha la chumba cha kulala, pazia liko wazi, akachungulia. Kitanda kimetandikwa shuka nyeupe. Juu ya shuka, kuanzia kwenye mto mpaka miguuni, imetandazwa ngano iliyochemshwa. Mzee ameinama anaipapasa kwa kiganja, polepole, huku anaisemesha kwa Kigiriki.

Marcelline alirudi mbio, kandambili moja ikabaki kwenye maua.

Kwenye kamba ya nguo alimkuta Théodore, mlinzi wa duka huko Kensington na kiongozi wa maombi pale uani. Wateja wa Marcelline karibu wote walikuwa akina dada wa maombi hayo.

"Nimeona na macho yangu, ndugu Théodore. Ameilaza kwa kitanda ya marehemu. Anaishika. Anaongea nayo!"

"Ilikuwa na umbo ya mutu?"

Hapo angesema hapana, yangeisha. Lakini watu walikuwa wameshasogea. Clémentine ameacha pasi juu ya suruali ya mtu. Yule mteja wa povu amesimama na taulo. Tangu Marcelline aanze kupanga pale, hakuna siku aliyosikilizwa namna ile.

"Ilikuwa na kichwa," akasema.

"Eish!" akasema mteja.

Théodore akafunga macho. "Analisha bafu, bale bamekufa. Atakayekula hiyo kitu amemupa yule mama maisha yake. Atakayekula, mimi simujui tena."

Jumapili mchana bakkie ya mzee, ile pikapu yake, ikaingia kutoka kanisani. Akashuka na sinia kubwa. Ngano ilikuwa imefunikwa sukari ya unga, nyeupe kabisa, na juu yake msalaba wa lozi na punje za komamanga. Mtu asiyeambiwa kitu angeanza kuimba hepi bathdei. Akagonga mlango wa kwanza. Haukufunguliwa. Wa pili. Ndani redio ikazimwa.

"Mutoke! Mutoke bote! Najua muko ndani, musijifanye bajinga!"

Wakatoka, maana kodi ni kodi. Wakapanga mstari ukutani, mikono imefungwa vifuani.

"Muzee," alisema Théodore, "sisi hatukule chakula ya bafu."

"Bafu banakula na meno gani? Ni weye utakula! Padri ameiombea leo asubuhi."

"Padri yako. Yesu wangu haijui hiyo kitu."

"Yesu wako alizaliwa hapa Johannesburg, ku Malvern?"

Mtu mmoja akacheka, akajikohoza haraka.

"Ku Kasenga," mzee akaendelea, uso umekuwa mwekundu, "mama yangu akitengeneza hii, mutaa muzima banakuya na vikombe. Banakula, banasema 'Mungu amusamehe,' banaenda. Ninyi munatoka ku Congo gani?"

"Congo ile baba yako alipimia babu yangu samaki na kilo ya uongo!"

"Na babu yako akakamata duka yetu, akauza mpaka milango!"

"Alichelewa tu!"

Sasa hata wanawake wakapiga makofi. Clémentine akapita mbele, mtoto mgongoni. "Atuambie kwanza, sababu gani hiyo ngano ililala kwa kitanda ya marehemu?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Ngano inachemshwa, inakauka usiku muzima. Ikiwa na maji, sukari inayeyuka. Nitaikausha wapi? Meza yangu haitoshe hata sahani mbili. Mambo yote alikuwa anafanya yeye, mimi sijui. Kitanda ni kubwa." Akaliweka vizuri sinia mikononi. "Na sasa iko na nafasi."

Mikono miwili mitatu ikafunguka vifuani. Théodore akaona mingine itafuata.

"Na kile kichwa? Marcelline aliona kichwa."

Wote wakamgeukia. Marcelline alikuwa na kitana mkononi. Alijua vizuri alichokiona: mto, basi, mto uliovuliwa foronya. Na alijua jambo jingine tangu utoto wake Likasi, kwamba kwenye matanga watu hula, na anayekataa chakula cha msiba ndiye wa kwanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni, kuwa pengine kifo anakijua. Lakini akisema leo kwamba hakukuwa na kichwa, ni nani atakayekalia tena kiti chake kusukwa? Akina dada wale wangemhama kabla ya jua kuzama.

"Niliona vile niliona," akasema.

Mzee akaja na sinia lake mpaka mbele yake. Akachota kijiko.

"Hawa bengine sibaombi. Nakuomba weye. Weye uligombana naye kila siku ya Mungu. Alikuwa anaamuka asubuhi, anatafuta nywele zako ndani ya shimo, anafurahi! Mutu ambaye hamukugombana atamusamehe nini? Weye ndiye."

Akakisogeza kijiko, sukari ikamwagika kwenye kitenge cha Marcelline. Harufu ya mdalasini ikampanda puani, harufu nzuri tu, ya uji wa sikukuu. Mkono wa Marcelline ukainuka. Aliapa kwangu kwamba uliinuka.

Théodore akakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu aliyekunywa maji vibaya.

Mkono ukashuka. Marcelline akageuka, akaingia chumbani kwake, akaufunga mlango kwa mgongo.

Akasikia mlango wa Clémentine ukifungwa, kisha wa Théodore, kisha ile mingine. Redio haikuwashwa. Kwenye ufa wa mlango aliona viatu vya kanisani vya mzee, vyeusi, vimesimama pale pale kwenye saruji. Vikageuka upande huu, vikageuka upande ule.

"Mbwa ninyi," mzee akasema. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya mtu mwingine. "Basi musikule. Nitakula miye yote. Museme tu, mukiwa huko huko ndani. Marcelline, na weye. Museme, Mungu amusamehe Vasiliki."