Soksi za Njaa

Zile soksi nilizowagawia wakwe zangu siku ya harusi sikuzifuma mimi. Nalisema hili mapema, kabla sijapata nafasi ya kujipamba. Nilizinunua sokoni Khorog, mji wetu wa milimani, jozi nne, moja yangu mwenyewe, kwa mama mmoja mnene mwenye meno ya dhahabu aliyeniambia, "Chukua hizi, binti yangu, hizi ni za mkono wa kweli." Nikazichukua. Zilikuwa zimebaki siku sita niolewe.

Kwetu bi harusi hatoki kwao bila soksi. Kila mtu wa nyumba ya mume apate jozi yake, ndefu za kufika gotini, zenye nakshi za rangi, na wanawake huzigeuza ndani nje papo hapo ili wajue wameletewa mtu au wameletewa mdomo. Wenzangu wa vijijini huanza kuzifuma wakiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikulia mjini, mama yangu muuguzi, jioni zetu ni za televisheni. Nilijiambia nitajifunza mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa hauishi kuja. Mama alipoona siku zimekwisha alisema, "Nani atajua? Soksi ni soksi." Simlaumu. Aliyesimama mbele za watu na kusema "Nimezifuma mwenyewe" ni mimi, tena nimeinamisha macho kama mtu mwenye haya.

Mama mkwe wangu, Bakhtbegim, alitia mkono ndani ya soksi yake, akaigeuza, akaitazama penye ncha ya vidole, pale ufumaji unapoanzia. Aliitazama sana. Kisha akanitazama mimi.

"Mkono mzuri," akasema. "Mungu aubariki."

Wanawake wakashangilia, nami nikashusha pumzi. Nilimwona ni mtu wa kudanganyika kirahisi, na nilimwona hivyo kwa miezi mitano.

Mume wangu, Alifbek, alirudi Moscow kwenye kazi za ujenzi wiki tatu baada ya harusi. Theluji ikaanza, barabara ikawa leo imefunguliwa, kesho imefungwa, nami nikabaki huko juu kwenye bonde la Shohdara na wazee wawili. Baba mkwe, Mirzosho, alikuwa mwalimu mstaafu. Alivaa koti la suti hata akienda kunywesha mbuzi. Bonde zima lilimwita Mwalimu, na alitembea kama mtu aliyebeba jina hilo kwenye sinia.

Msimu wa baridi ndio msimu wetu wa kufuma. Shambani hakuna kazi, mifugo imo zizini, na wanawake hukusanyika mchana kwenye nyumba yenye moto wa maana, kila mtu na sufu yake na sindano yake ya ndoana. Nyumba yenye moto ilikuwa yetu. Mama mkwe alikaa karibu na jiko la chuma akisokota uzi. Mbele za watu hakufuma kamwe. Alikuwa mashoto, tambi akizikata kwa kushoto, unga akiukanda kwa kushoto, na utotoni walimchapa sana mkono ule kwa kuwa ulionekana mkono wa mikosi, kwa hiyo alizoea kuufunika na shali wageni wakija.

Mimi nilikaa na visingizio vyangu. Jirani yetu Zarogul, mwanamke mwenye ulimi wa wembe na moyo mwema kiasi, ndiye aliyevihesabu.

"Savsan, we bi harusi, hiyo mikono yako iko likizo?"

"Kidole kimevimba, dada."

"Jana lilikuwa bega."

"Limeshuka likawa kidole," akadakia mwingine, wakacheka mpaka sufu zikawaanguka mapajani.

Siku moja ya Januari Zarogul alizishusha soksi za Mwalimu zilizokuwa zikikaukia juu ya jiko, akazinyoosha kwenye mwanga. "Hii kazi bwana! Lakini nakshi hii mbona nimeiona Khorog? Kwa yule mama wa meno ya dhahabu. Pembe za mbuzi, na nukta katikati. Hii hii."

Wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Mtu mwenye akili angecheka akanyamaza, au angesema nakshi ni ya watu wote. Mimi nilijipalia makaa.

"Za sokoni?" nikasema, kwa sauti ya juu. "Dada Zarogul, usinivunjie heshima. Zile ni soksi za njaa. Mwanamke akifika kuwauzia wapita njia kazi ya mikono yake, jueni mumewe ameshindwa kumlisha. Mimi siwezi hata kuzigusa."

Wakacheka, mmoja akapiga makofi. Zarogul akazirudisha soksi mahali pake akisema, "Haya, haya, binti wa mjini amesema." Mama mkwe akainuka kuongeza samadi kavu kwenye jiko, ingawa jiko lilikuwa limejaa. Alibaki ameinama pale kwa muda mrefu.

Kuanzia wiki ile chai yetu, ambayo huko juu hutiwa siagi, ikabadilika. Kwanza siagi ikapungua, kisha sukari ikaisha na haikununuliwa nyingine. "Barabara," mama mkwe alisema. Baba mkwe akanywa bila kulalamika, akisema sukari huharibu meno. Nami nilinung'unika moyoni kwamba nimeolewa kwa watu bahili.

Mwanzoni mwa Februari Zarogul alikuja peke yake, amekumbatia furushi la sufu nyekundu, nyeusi na nyeupe. Binti yake angechumbiwa siku za Navruz, mwaka mpya wetu wa Machi, na upande wa mume ulikuwa na majivuno. "Nifumie jozi moja tu, Savsan. Kama zile za Mwalimu. Nitakuletea siagi kopo zima. Kidole kimepona, sivyo?"

Nilitakiwa kusema ukweli siku hiyo. Nilikuwa na mtu mmoja tu mbele yangu, na alikuwa ananiomba kwa upole. Nilisema, "Kimepona, dada. Niachie."

Basi nikaanza kujifungia stoo mchana, nimekaa juu ya magunia ya unga, soksi ya baba mkwe gotini na sindano ya kuazima mkononi. Nilidhani nikiifuata nukta kwa nukta itakubali. Kufuma kwenyewe nilianza kukupata, maana hakuna mtu asiyeweza kujifunza akiogopa vya kutosha. Ila kitu kimoja hakikukubali. Mishono ya ile soksi ililala upande mmoja, yangu ililala upande wa pili. Nakshi yake ilizunguka hivi, yangu ikazunguka vile. Nilifumua na kuanza upya mara tano. Mara ya sita, kwa hasira tu, nikaishika sindano kwa mkono wa kushoto, nikafuma mishono michache kwa shida kama mtoto anayejifunza kushika kijiko.

Ikalala kama ile.

Nilikaa pale na baridi ya stoo ikiniingia mifupani. Aliyezifuma alikuwa mashoto. Nikakumbuka mama mkwe alivyoitia mkono ile soksi siku ya harusi, alivyoitazama ncha yake. Nikakumbuka alfajiri, nikiamka namkuta amekaa karibu na jiko, akifunika kitu haraka kwa shali. Nikayakumbuka maneno yangu ya Januari, yote, moja moja, hadi yale makofi. Niliona uso unaniwaka pale stoo ambapo hapakuwa na wa kuniona.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa akikata tambi.

"Mama, zile soksi ni zako."

Kisu hakikusimama. "Zipi?"

"Zote nne. Nilizinunua. Sikufuma hata moja."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu niitie mkono. We unafikiri mtu hajui alichokifuma?" Akakung'uta unga kwenye kisu. "Nikasema moyoni, haya, huyu binti amenirudishia kazi yangu."

"Sasa mbona hukusema, mama? Ungenifukuza."

"Ningesemaje? Ningesema nazijua kwa sababu niliziuza mimi? Mbele ya Mwalimu?" Hapo ndipo alipoacha kukata. "Pensheni yake unajua inafika wapi? Inafika kwenye unga. Sukari, siagi, sabuni, kitambaa cha koti lake, hayo yote yametoka hapa." Akauinua mkono wa kushoto, mweupe kwa unga. "Dereva Shodmon ananipelekea mjini, namwambia ni zawadi kwa ndugu. Mwaka wa kumi na moja huu. Mzee hajui, na akijua atakufa."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie.

"Soksi kununua si neno," akasema. "Wangapi wamenunua. Lakini siku ile, Savsan. Njaa. Mume ameshindwa. Tena mdomoni mwako, umevaa sufu yangu miguuni. Tangu siku ile sijatuma hata jozi moja. Nikikaa alfajiri nafuma, nayasikia yale maneno, mkono unagoma. Sukari umeona imekwenda wapi?"

Niliona. Nilikuwa nimewanyima wazee wawili sukari na siagi kwa ulimi wangu, kisha nikawaita bahili.

"Nitakwenda kwa Zarogul sasa hivi," nikasema. "Nitamwambia nilidanganya, nilinunua."

"Ili aulize nani aliuza? Zarogul huyu huyu, jioni bonde zima limejua." Akarudi kwenye tambi zake. "Kaa. Lete hiyo sufu yake."

Basi akaifuma yeye. Siku nane, alfajiri. Zarogul alipozipokea alinibusu mashavu yote mawili, akaniita dhahabu ya kijiji, akaleta lile kopo la siagi na mashahidi wawili wa kunisifu. Mama mkwe alikaa kando akisokota uzi. Sifa zile nilizimeza kama dawa chungu, na hazikuisha, maana waliofuata walileta mabinti zao waje kunitazama mikono. Nilikuwa nimetaka kusema ukweli nitakasike, ikawa hata ukweli sina ruhusa nao.

Ndipo nikamwambia mama mkwe, "Soksi ziende mjini kwa jina langu. Shodmon aambiwe ni za Savsan. Mimi mgeni, mimi wa mjini, wakisema waseme mimi."

Alikataa siku tatu. Siku ya nne akanikabidhi jozi kumi zilizokuwa zimejificha chini ya magodoro tangu Januari. Kwa wiki mbili chai yetu ikawa chai. Baba mkwe aliongeza vijiko viwili bila kutaja meno.

Kisha Shodmon, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, alisimamisha gari lake mlangoni mchana kweupe. Baba mkwe alikuwa juu ya paa akiondoa theluji kwa koleo.

"Savsan! Yule mama anasema soksi zako zimekwisha zote! Anataka nyingine kabla ya Navruz!"

Koleo likanyamaza. Baba mkwe akashuka ngazi polepole, na koti lake la suti, na theluji kwenye nyusi.

"Ingia ndani," akaniambia.

Mama mkwe alikuwa karibu na jiko, shali juu ya mkono.

"Unauza soksi?"

"Ndiyo, baba."

"Unawauzia wapita njia?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu hakutumii? Mimi sikulishi?" Sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa afadhali. "Miaka thelathini na nane nimefundisha watoto wa bonde hili. Leo watasema nini? Watasema Mwalimu anakula soksi za mkwewe. Uliona njaa gani humu, mwanangu? Niambie. Uliona njaa gani?"

Nilimtazama mama mkwe. Sitadanganya, nilitaka aseme. Nilikuwa nimejitolea mwenyewe, na bado nilitaka kwa moyo wangu wote afungue mdomo anitoe pale. Aliufungua. Kisha akaufunga, akaivuta shali juu ya mkono wake.

Baba mkwe akamnyooshea mkono. "Mtazame mama yako huyu. Miaka thelathini na tano yumo nyumba hii, tumepita vita, tumepita mwaka wa kula matunda makavu ya mforsadi tu. Hajawahi kunitia aibu hata siku moja."

"Nisamehe, baba," nikasema. "Ni mimi."

"Jioni nampigia Alifbek. Yeye ndiye atakayesema ukae au urudi kwenu." Akatoka, akapanda tena paani.

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya magunia. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, mama mkwe akaingia, akasimama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Nilitaka kusema," akasema.

"Najua, mama."

"Yalifika hapa." Akagusa koo. "Nimeogopa. Miaka yote hii anavyonitazama... nimeogopa asinitazame tena hivyo."

Ningemwambia si kitu. Kilikuwa kitu, nami sikuwa na haki ya kumkasirikia, na nilimkasirikia, na hapo hapo nikaona haya kwa kumkasirikia. Nikasogea. Akakaa kando yangu kwenye gunia. Hatukuangaliana. Juu ya paa koleo lilikuwa likikwangua theluji, na kila liliponyamaza kidogo, sote wawili tulishtuka.