Kitako Kinachobana Pumzi

Koplo aliileta bunduki asubuhi ikiwa imefungwa kwenye shuka la kitanda, akailaza juu ya benchi la seremala, kati ya randa na kikopo cha gundi. Kitako chake cha mbao kilikuwa na ufa pale panaposhikwa kwa mkono. Inspekta anataka kipya, alisema, na safari hii ipige panapolengwa.

"Kaa, koplo."

"Nasimama tu, mzee."

Seremala aliijua bunduki hiyo, na koplo alijua kwamba anaijua. Ndiyo iliyomuua mkwe wake kwenye geti la machimbo ya mawe, siku wachimbaji walipogoma. Uchunguzi ulifanyika ukaisha upesi: koplo alilenga juu, kitako kilikuwa na ufa, risasi ikapotea, bahati mbaya. Binti wa seremala alirudi kwa baba yake na sanduku moja na dai moja. Alitaka mkubwa yeyote atamke kwamba mumewe aliuawa kusudi. Alishakwenda kituoni mpaka mbwa wa pale wakachoka kumbwekea.

Seremala aliipokea kazi kwa sababu aliogopa. Inspekta hakuwa mtu wa kuambiwa hapana.

Kitako cha bunduki kinataka mbao iliyokauka hasa. Mbao mbichi hujipinda, ikausukuma mtutu, na risasi zikaenda zinakotaka zenyewe. Ubao wa namna hiyo alikuwa nao mmoja tu, kipande kilichobaki kwenye jeneza la mkwe wake. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akaukata. Kama alikosea, alikosea hapo. Alifikiria ukavu wa mbao, hakufikiria kingine.

Alipaka chuma cha bunduki masizi, akakilaza ndani ya mbao, akakiinua, na kila palipobaki alama nyeusi akaparua kidogo kwa patasi. Kutwa nzima alikuwa akilaza na kuinua. Alasiri alama zilianza kutokea mahali alipokwisha kuparua. Aliweka kiganja. Mbao ilikuwa ikipanda na kushuka. Akaona kwamba mbao inayopumua itataka nafasi zaidi upande wa kushoto, akaongeza nafasi.

Binti alileta chai, akasimama na kikombe mkononi. Kwenye jiriwa, kile kibanio cha benchi kilichokishika kitako, ilisikika pumzi yenye mluzi mwembamba, ya mtu aliyevunjika pua utotoni. Kwa pua hiyo wenzake machimboni walimwita Filimbi, na majirani walimtania mkewe kwamba nyumba yake haihitaji saa ya kengele.

"Ni yeye," binti alisema. "Amelala."

"Naona."

"Usimbane sana hapo, baba."

Seremala akalegeza jiriwa.

"Usiirudishe."

"Nisipoirudisha watakuja kuichukua, na mimi pamoja nayo. Wewe utabaki na nani, mwanangu?"

Binti alichukua kitambaa na mafuta, akakisugua kitako taratibu, akilia bila kutoa sauti. Alikuwa na furaha pia, na furaha hiyo ilimuumiza.

Kwenye uwanja wa shabaha inspekta alipiga mwenyewe kwanza. Wanaojua kulenga husema kazi yote ni kubana pumzi, na kitako kile kilibana chenyewe. Kidole kilipogusa kifyatuo mluzi ulikoma, mbao ikatulia tuli, na risasi zote zikapita kwenye tundu ambalo kifungo cha shati kingeliziba.

"Fundi, hii si bunduki tena," alisema inspekta. "Hii ni sindano."

Akampa koplo. Koplo alipoweka shavu, kitako hakikubana pumzi. Kilisema kwa sauti ya puani, bila haraka: "Koplo, mimi nimekaa chini. Unanilengea nini?"

Wote walisikia. Koplo aliishusha bunduki, akajifuta shavu. Inspekta akaagiza askari mwingine ajaribu. Mluzi ulikoma, risasi ikapiga katikati.

"Ni kwa koplo tu, afande," alisema yule askari.

Binti, aliyekuwa amesimama nyuma ya uzio wa waya, aliingia uwanjani. "Mmesikia wenyewe. Alikuwa amekaa chini. Mtu aliyekaa chini hapigwi na risasi iliyolengwa juu. Semeni basi kwamba ni kusudi."

"Tumesikia, dada," alisema inspekta, wala hakukasirika. "Lakini uchunguzi ule ulihusu kitako cha zamani. Hiki ni kipya."

Koplo alibadilishiwa silaha. Bunduki akapewa yule askari aliyepiga katikati.

Mbao inayopumua hukauka upesi, kwa hiyo binti aliruhusiwa kwenda kituoni kila wiki kukipaka mafuta kitako. Aliketi kwenye ghala la silaha akimsimulia mumewe habari za nyumbani, nani ameoa, bati gani linavuja. Askari walimzoea, wakawa wanamwekea kiti.

Kisha wachimbaji waligoma tena, maana hakuna kilichokuwa kimebadilika machimboni. Aliyesimama mbele alikuwa mtu aliyechimba shimo moja na Filimbi, wakila bakuli moja. Askari aliweka shavu. Waliokuwa karibu walisikia mluzi ukikoma. Filimbi alibana pumzi kama alivyozoea, na risasi haikupotea.

Safari hii hapakuwa na uchunguzi, kwa kuwa kitako hakikuwa na ufa.

Wiki hiyo binti alikwenda na mafuta yake kama kawaida. Alikisugua, akainama. "Ulimwona ni nani?" aliuliza. Pumzi iliendelea kupanda na kushuka. Hakurudi tena kituoni.

Inspekta alimkuta seremala akipigilia kifuniko cha jeneza la yule mchimbaji.

"Fundi, mbao kama ile unayo nyingine? Bunduki zangu zilizobaki zinapiga ovyo."

"Imekwisha, afande."

Inspekta alilitazama jeneza, kisha kipande cha ubao kilichobaki chini ya benchi. "Hicho je?"

"Kibichi bado."

"Tutasubiri," alisema, akaondoka.

Seremala alikiokota kile kipande, akasimama nacho karibu na jiko lililokuwa likiwaka, binti akimtazama. Alisimama mpaka mkono ukamchoka. Lakini inspekta alikuwa ameshakiona. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akakilaza darini kikauke.