Mgonjwa wa Mistari Ishirini na Mitatu

Mama yangu aliniita Pekua nikiwa bado sijaota meno yote, kwa sababu kila droo iliyofungwa niliiona kama tusi. Leo nalipwa mshahara kwa kasoro hiyohiyo. Nakusanya orodha za wagonjwa kutoka hospitali kuu, kliniki ya macho, kliniki ya wajawazito na zahanati za mitaani, nazipandisha kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali tunazozikodi, na huko zinaunganishwa ziwe foleni moja ya matibabu.

Kuunganisha si kumwaga mchele wa magunia manne kwenye sufuria moja. Kila mmoja anaandika anavyojua. Hospitali inaanza na jina la ukoo, zahanati inamalizia nalo, na kliniki ya macho inaandika umri badala ya tarehe ya kuzaliwa, tena umri wenyewe wa kukisia. Kilichofanana kote kilikuwa namba ya simu tu. Basi nikatunga kanuni, na niliionea fahari: namba moja, mtu mmoja. Penye mistari kadhaa yenye namba moja, wingu libakize ule wa karibuni na kufuta mingine.

Alhamisi asubuhi orodha ilikuwa imepungua watu mia nne. Mkuu wangu, mtu anayependa kila kitu kiwe kifupi, suruali zake zikiwemo, alifurahi sana.

"Safi. Kesho saa tisa alasiri tunaifunga, inakwenda kwa madaktari. Asiyekuwemo atajiandikisha upya mwakani."

Ningekunywa chai yangu yakaisha. Lakini wingu lilikuwa limeniwekea ripoti ndogo ya mistari iliyofutwa, na mimi sijui kuona kifuniko nikakiacha. Namba iliyoongoza ilikuwa na mistari ishirini na mitatu. Nikaifungua. Mgonjwa huyo alikuwa mjamzito wa miezi saba. Alikuwa pia na umri wa miaka sita na tundu kwenye moyo. Alikuwa mzee wa kiume mwenye tezi dume. Mwezi wa tatu alipasuliwa mtoto wa jicho, baadaye akang'olewa jino, na mwaka huohuo akaumwa na mbwa mara mbili.

"Mkuu," nikasema, "huyu ni mtu au ni kijiji?"

"Tapeli huyo," akajibu bila kuinua macho. "Anauza nafasi za foleni. Wewe bakiza mmoja, basi."

Huenda. Ila yule wa miaka sita alinikaa kooni. Kama hapakuwa na utapeli, basi kanuni yangu ndiyo iliyomtoa mtoto kwenye foleni ya moyo, yeye na wengine ishirini na mmoja, na nilikuwa na siku moja na nusu ya kuwarudisha. Nikapiga ile namba.

Ilipokelewa kabla sijaweka simu vizuri sikioni. "Unamtaka nani?" Sauti ya mwanamke, haina hata halo.

"Namtafuta mwenye namba hii."

"Mwenye namba ni mimi. Wewe unamtaka nani?"

"Kwani mko wangapi?"

Akacheka. "Njoo utuhesabu, mwanangu."

Alinielekeza, nikamkuta kwenye chumba kimoja cha kushonea, cherehani imesukumwa hadi kizingitini kufuata mwanga. Kando yake palikuwa na sponji lenye sindano kumi, zote zimeshatungwa uzi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, ila usilikalie hilo gauni, bwana harusi ataniua."

Nikamweleza nilichokuja nacho. Hakushangaa hata kidogo.

"Simu hapa mtaani zimejaa," akasema. "Lakini leo ya huyu haina chaji, kesho yule kabadilisha namba, keshokutwa mwingine kaiuza. Yangu ni ileile mwaka wa kumi na moja huu, na mimi sitoki hapa. Wakiulizwa namba huko hospitali wanataja yangu. Meseji ikiingia, naipeleka kwa miguu."

"Lakini meseji zetu hatuandiki majina. Tunaandika namba ya foleni, kliniki na siku. Unajuaje ni ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mdomo wake uko wapi, akanionyesha ukuta. Kamba ilitanda kutoka kona hadi kona, imebanwa vipande vya vitambaa. "Kila mmoja nimemshonea nguo. La maua, mjamzito wa nyumba ya pembeni. Kaki ni sare ya mtoto wa moyo. La mistari, mzee wa tezi. Ikija ya moyo, natazama kaki, nanyanyuka."

Niliona aibu, nasema kweli. Mimi na kompyuta zetu za kukodi tulikuwa tumewafanya watu ishirini na watatu kuwa mmoja. Yeye, kwa mabaki ya vitambaa, hajawahi kumchanganya hata mtu mmoja. Nikafungua kompyuta yangu, nikaongeza safu mpya, nyumba na shida, tukaanza: mstari mmoja, kitambaa kimoja.

"Huyu aliyeumwa na mbwa wawili?"

"Mbwa ni mmoja. Walioumwa ndio wawili."

Kufikia alasiri tulikuwa tumewapata ishirini na wawili. Ukabaki mstari mmoja usio na kitambaa: mwanamke, miaka hamsini na minane, mtoto wa jicho macho yote mawili, aliitwa mwezi wa tatu, ameshatibiwa.

"Na huyu ni nani, Mama?"

Aliendelea kukanyaga cherehani. Nikauliza tena.

"Huyo ni mimi."

Nikazitazama zile sindano kumi. Mtu aliyepasuliwa macho hatungiwi uzi na majirani.

"Hapa wameandika umetibiwa."

"Alitibiwa mpishi wa shule, wa nyumba ya tatu. Naye alikuwa anasubiri macho. Meseji ilipokuja nikampelekea, akaenda nayo. Pale waliuliza namba ya foleni tu, wakampasua."

"Ulidhani ni yake?"

"Namba yangu ya foleni naijua, mwanangu." Akakata uzi kwa meno. "Waliniambia ni kulazwa siku mbili. Nani angepokea simu? Moyo wa yule mtoto unaweza kuitwa siku yoyote, na wakikukosa wanamwita mwingine."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa wema wake usio na breki, nikamkasirikia Mkuu, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Kama ningeubakiza mstari mmoja nilivyoambiwa, mwanamke huyu angefutwa akiwa ameandikwa mzima.

"Kama unanirudisha," akasema, "niweke mwisho."

Nikamwambia sawa, na haikuwa sawa. Mpishi alikuwa bado amekalia nafasi kwenye foleni ya macho, na siku hizi anamwona hata mbu aliye ng'ambo ya barabara. Nikamtoa, nikampa fundi nafasi yake.

Ijumaa nilishinda nikipigia simu namba zote zilizokuwa na mistari zaidi ya miwili. Karibu kila mtaa ulikuwa na mtu wake: muuza mkaa, kinyozi, bibi mmoja mwenye kibanda cha maji. Saa tisa kasoro dakika nne orodha ilifungwa, wale mia nne karibu wote wamerudi. Mkuu akaguna kwamba imerefuka. Nikamwambia watu ndio walivyo wengi.

Mtoto wa moyo aliitwa wiki ya tatu. Fundi akaitwa ya sita, na nilipofika kumtaarifu nilikuwa tayari nina ruhusa ya siku mbili mkononi. "Simu nitapokea mimi," nikamwambia, "na miguu ninayo." Alinikagua kuanzia viatu kwenda juu, akanipa simu na chaja yake.

Siku ya kwanza nilipeleka meseji tatu, mbili kati ya hizo baada ya kubisha mlango usio wake kwanza. Jioni ikaingia ya nne: "Upasuaji umekwenda salama. Ndugu wa mgonjwa afike kesho saa nne kumchukua."

Mgonjwa nilimjua. Ndugu ndiye sikumjua. Mumewe alikufa zamani, mtoto hakujaliwa, na kwenye fomu, palipotakiwa namba ya ndugu, alikuwa ameandika yake mwenyewe. Nilisimama kizingitini na ile simu, nikaona uchungu ambao sikuutarajia. Kisha nikafanya kazi niliyoachiwa. Nilianza na nyumba ya pembeni, nikaipeleka meseji mlango kwa mlango, maana sikujua niishie wapi.

Kesho yake saa nne muuguzi alitoka na karatasi akauliza ndugu wa mgonjwa ni yupi. Tulikuwa kumi na tisa. Tukanyoosha mikono wote, na wangu ukiwemo.