Na Binti

Kaka alipoiinua karatasi dirishani, niliisoma kwa nyuma. Hakuna mtu pale sebuleni aliyejua kwamba naweza.

Baba yetu alikuwa mwandishi wa mabango. Watu walimwita Fundi Herufi, na hata siku ya maziko wapo majirani waliouliza jina lake hasa lilikuwa nani. Aliandika kuta, magari na mbao za maduka, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa vioo. Kioo cha duka huandikwa kwa ndani ili mvua na vidole vya watu visiguse rangi, kwa hiyo kila herufi inageuzwa. Yeye alichora, mimi nikajaza rangi. Nililetwa kwake mama alipofariki, nikiwa na miaka kumi na miwili, na darasa la tano nililoliacha sikulirudia. Kusoma kwenyewe nilijifunzia nyuma ya vioo. Kitabu hunichosha upesi, ila maneno yaliyogeuka hayanipi shida.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike. Ukoo ulikaa kuandika muhtasari wa kupeleka mahakamani, ili Kaka awe msimamizi wa mirathi. Mirathi yenyewe ilikuwa nyumba ile ya vyumba vinne, karakana ya ubavuni, na makopo ya rangi. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, aliongoza kikao huku anasinzia. Binamu, karani wa bohari ya dawa, ndiye aliyeandika, maana mwandiko wake unasomeka. Shangazi alikalia kochi la marehemu, miguu juu ya stuli. Mimi nilisimama mlangoni na sinia la vikombe.

Umeme ulikuwa umekatika. Binamu alipomaliza, Kaka aliichukua karatasi akasimama dirishani, mgongo kwenye mwanga, uso kwetu, akaiinua usawa wa macho. Jua likaipenya. Upande wangu maneno yakatokeza yamegeuka, kama nilivyozoea kuyaona.

"Warithi wa marehemu: mtoto mmoja, wa kiume." Chini yake: "Dada wa marehemu atakaa chumba cha mbele maisha yake yote." Mwisho kabisa, kwenye orodha ya waliohudhuria, jina langu, na pembeni yake: "msaidizi wa nyumbani".

Nikaliweka sinia chini.

"Mdogo wangu," Kaka akaniita, "njoo utie sahihi hapa. Utaratibu tu."

Mdogo wangu. Aliniita hivyo kila alipokuja, mara mbili kwa mwaka ingawa alikaa mji huohuo, akitaka maji ya kuoga au shati la kupigwa pasi. Nilisogea mezani. Kalamu ikawekwa mkononi mwangu, na kidole cha Binamu kikanionyesha pa kusaini, kikiwa kimefunika yale maneno matatu.

"Mimi si msaidizi," nikasema.

"Unasemaje? Paza sauti, hakuna anayelala hapa," akasema Binamu, na Baba Mdogo akafumbua macho.

"Mimi si msaidizi wa nyumbani."

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe. Kutoka mlangoni."

Binamu akaitazama karatasi, akautazama mlango. "Jamani! Huyu ana macho ya kisogoni. Na ndiye tulikuwa tunasema hajui kusoma."

Wakacheka, hata Shangazi. Mimi watu wakinicheka huwa natamani ardhi ipasuke, na siku nyingine ningesaini ili waniache. Lakini miaka miwili nilimlisha baba kwa kijiko tangu kiharusi kiue mkono wake wa kulia, na katika miaka hiyo Kaka alipiga simu tu. Sikutaka nyumba yote. Nilitaka kuandikwa. Karatasi ile ilikuwa ya mwisho ambayo ingemtaja baba yangu na watoto wake, nami nilitaka niwemo.

"Andikeni binti," nikasema. "Halafu nitasaini."

"Binti yangu, tulia," akasema Baba Mdogo, kama unavyomwambia msichana yeyote aliyekukanyaga sokoni. "Haya mambo yana taratibu zake."

"Una cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba?" Kaka akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa mpole kama daktari wa meno.

"Sina."

"Mama yako aliolewa na baba?"

"Unajua hakuolewa."

"Basi nionyeshe mahali popote, popote pale, ambapo baba aliandika kwamba wewe ni binti yake. Mtu aliyeandika mji mzima! Alikosa nafasi ya kukuandika wewe?"

Mahali palikuwepo. Na aliyeagiza pafunikwe nilikuwa mimi.

Wiki ya pili tangu niletwe, baba aliandika ubao mpya wa karakana. FUNDI HERUFI. Chini yake, MABANGO, VIOO, MAGARI. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu, NA BINTI. Shangazi ndiye aliyemshikia ngazi. Siku hiyohiyo wateja wakaanza: "Fundi, kumbe una binti! Yuko wapi tumwone? Mbona anajificha, ana mapembe?" Nilikuwa nyuma ya mbao, nimejikunja. Jioni nikamwomba baba alifute lile neno.

"Una hakika?"

"Watu wananitazama, baba."

Hakubishana. Alipanda ngazi akapitisha bluu mara mbili. Aliposhuka akasema, "Sijalifuta, nimelifunika. Siku ukilitaka, kwangua." Shangazi akamcheka: "Fundi mzima unaamrishwa na mtoto wa jana!" Tangu hapo, kila bango lililotoka kwetu lilikuwa na neno moja dogo kwenye pembe: Herufi. Mara nyingine aliniuliza, "Niongeze?" Nikatikisa kichwa. Miaka kumi nilitikisa kichwa.

"Pana mahali," nikamwambia Kaka. "Twendeni nje."

Nikachukua ngazi na kisu cha kukwangulia. Wakanifuata, Baba Mdogo nyuma kabisa akiwa bado na kikombe. Nilipanda. Kwa kidole nililisikia lile neno chini ya bluu, limeinuka kidogo kama mshono. Nikakilaza kisu, nikaanza kukwangua taratibu, maana ukikisimamisha kinakula mpaka kwenye mbao. Vumbi la bluu likanidondokea usoni. Wapita njia wakaanza kusimama. Nilijua wananitazama mgongo, nikaendelea.

Ikatokea N. Ikatokea A. Nilipomaliza, neno lilikuwa zima, jekundu kama la jana.

Binamu akasoma kwa sauti: "Na binti."

"Haya," akasema Kaka. "Limeandikwa na nani?"

"Na baba."

"Baba ambaye mkono wake ulikufa miaka miwili kabla yake?"

"Aliandika zamani, kabla hajaugua."

"Sawa. Alipougua, mabango yaliendelea kutoka hapa, sivyo? Nilikuwa nayaona mjini, na jina lake kwenye pembe. Nani alikuwa anayaandika?"

Nikaona anakonipeleka, na sikuwa na njia nyingine ya kupita.

"Mimi."

"Kuna mteja hata mmoja aliyegundua kwamba si mkono wa baba?"

"Hakuna."

"Basi." Akafungua viganja vyake, akawageukia wenzake. "Umejiandika mwenyewe."

"Itazameni hii bluu!" nikasema. "Imepauka, ni ya miaka kumi. Ningewezaje kuandika chini yake?"

"Mambo ya rangi unayajua wewe, fundi. Sisi wengine ni watu wa kalamu."

Binamu akacheka puani. Kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani, ya kuandika kama baba mpaka mtu asitutenganishe, ndiyo iliyonitoa kwenye orodha ya watoto wake. Nikashuka nikamtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa amesimama kivulini, anarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Shangazi alikuwepo," nikasema. "Alishika ngazi. Mwulizeni."

Wakamgeukia. Aliutazama ubao, kisha Kaka, kisha dirisha la chumba cha mbele, lile pana lenye upepo.

"Mwanangu," akasema, "kwa macho yangu haya? Na ngazi nimeshika nyingi katika nyumba hii. Nitaikumbuka ipi?"

Baba Mdogo akamalizia chai yake palepale. "Asiposaini, andikeni amekataa. Jua linatuchoma bure."

Binamu akaandika akiwa ameegemea mlango wa karakana, huku anajisomea: "Msaidizi... amekataa... kusaini."

Jumatatu nilihama. Nilichukua brashi za baba na makopo matatu, na hakuna aliyenizuia, kwa kuwa hakuna aliyedhani ni vitu. Nikapata chumba nyuma ya saluni. Mwenye saluni alinipokea kwa sharti la kumwandikia kioo chake, nikamwandikia. Kwenye pembe sikuandika neno lolote.

Mahakama ikampa Kaka usimamizi. Mwezi wa pili tangu nihame, Shangazi alikuja asubuhi, amevaa viatu vya kutokea. Alikataa kukaa.

"Ameleta wanunuzi," akasema. "Wawili, na matumbo yao. Wamekipima chumba changu kwa hatua, mimi nikiwa nimekaa kitandani. Mmoja akaniambia, mama, hebu inua miguu."

"Si karatasi ilisema maisha yako yote?"

"Anasema ile ilikuwa ya kikao. Ya mahakama haina habari zangu." Akajifuta jasho. "Wewe una mkono. Njoo uandike pale ukutani kwamba haiuzwi. Mnunuzi akiona hivyo anaogopa, baba yako alikuwa anasema."

Alikuwa anasema kweli. Tuliandika NYUMBA HII HAIUZWI kwenye kuta nyingi kuliko tulivyoandika majina ya maduka. Ndugu wakigombana, sisi tunakoroga rangi. Baba hakumwuliza mtu nani ana haki. "Sisi kazi yetu," alisema, "ni kuuliza herufi za ukubwa gani."

"Nitaandika kwa amri ya nani, Shangazi? Ya msaidizi wa nyumbani?"

"Usinifanyie hivyo. Wewe ni binti wa kaka yangu."

"Sema tena."

"Ni binti wa kaka yangu! Unataka nilie? Nilishika ngazi mimi, kwa mikono hii, na nikamcheka kwa kukusikiliza."

"Kumbe siku ile ulikuwa unaona."

Akatazama chini. Dada mmoja akapita na ndoo, akatusalimia, tukaitikia pamoja.

"Haya utayasema mahakamani?" nikauliza. "Nipeleke pingamizi, nawe uwe shahidi wangu?"

"Mahakamani tena, mwanangu? Kwa umri huu? Nikasimame mbele ya watu nimwambie mtoto wa kaka yangu ni mwongo?" Akanishika mkono, mkono wa kulia, wa kazi. "Wewe andika tu."

Nilikwenda saa sita mchana, Kaka akiwa kazini. Nilichagua rangi nyekundu ya mafuta, ile nzito. Nikapiga mstari kwa uzi wa chaki kwenye ukuta wa mbele, nikachora herufi za urefu wa mkono. Shangazi akashika ngazi bila kuambiwa. Watu walikusanyika kama kawaida yao. Mwuza maji akauliza, "We dada, nyumba yako?" Sikujificha. Nilijaza herufi moja baada ya nyingine.

Nilipomaliza nikarudi kwenye pembe ya chini, nikaandika kwa brashi nyembamba: Fundi Herufi na Binti.

Jioni Kaka alipaka chokaa. Baba alinifundisha hili mapema: chokaa haikai juu ya rangi ya mafuta. Ilipokauka ilianza kubanduka, nyekundu ikatokeza. Akapaka tena wiki iliyofuata, na tena. Kila mvua ikinyesha, herufi zinarudi, na lile neno dogo la pembeni nalo. Wanunuzi wakija wanasimama pale, wanauliza huyo binti ni nani, kisha wanaondoka.

Nyumba haijauzwa. Mimi bado nipo nyuma ya saluni. Shangazi yumo chumba cha mbele, dirisha wazi, na nikipita anainua mkono, ila kwangu hajaja tena. Mahakamani faili lina mtoto mmoja, wa kiume.

Kaka anamwambia kila anayeuliza kwamba neno lile halina maana, ni la msichana aliyekuwa anafanya kazi za ndani, kajiandika mwenyewe. Kwa hilo la kujiandika, mara hii anasema kweli.