Uso wa Bwana Harusi

Mzee Halfani, fundi cherehani wa Iringa, alikuwa mtu wa kukata mara moja. Kitambaa akikikata kakikata, na neno akilisema kalisema. Miaka sita nyuma alisema moja kwa binti yake Waridi, aliyetaka kuolewa na Mnyakyusa, Mkristo wa huko milimani Mbeya: "Mtu huyo asikanyage tena kizingiti changu!" Waridi akamfuata mtu wake. Halfani akaamuru vitu vyote vya binti huyo vitupwe, na jina la Waridi halikutajwa tena mle ndani, ila jikoni tu, mkewe Bi Mwanakhamisi alipokuwa akiyasugua masufuria kwa hasira.

Mwaka wa hamsini na sita barua ikaja. Andendekisye, mume wa Waridi, alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, na sasa kahamishiwa Dodoma. Basi lao litalala Ipogolo, bondeni chini ya mji, siku moja. "Nitapanda mjini na Tusekile mumwone," aliandika Waridi. "Ana miaka mitano. Baba yake atabaki Ipogolo, maana amri yako anaikumbuka. Kurudi huku tena, sijui."

Halfani akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Haya."

"Haya nini?" Bi Mwanakhamisi akamjia juu. "Mtu umekula chumvi yote hiyo, unajibu haya?"

Akaingia stoo, akatoka na kifurushi cha kaniki, akakibwaga miguuni pa mumewe. Ndani walikuwamo wanasesere wawili, Bibi Harusi na Bwana Harusi. Halfani aliwashona mwenyewe kwa mabaki ya marekani na kuwajaza sufi, zamani zile Waridi alipougua surua. Jamani, wale waliozwa kila wiki, na mahari ikalipwa kwa maganda ya karanga! Sasa panya walikuwa wamefanya kazi yao. Bibi Harusi alikuwa tumbo wazi, na Bwana Harusi hana uso.

"Nilikwambia uvitupe."

"Uliniambia. Nami nikavitupa chini ya kihenge cha mahindi."

Halfani akawaokota wanasesere. Siku nne alifanya kazi uani kwa sindano ya mkono, maana kwenye baraza ya duka mafundi wenzake wangemcheka mpaka akimbie mji. Akajaza sufi mpya, akashona matumbo, akatarizi macho na midomo. Bibi Harusi akapata kanga. Bwana Harusi akapata kanzu ya bafta yenye darizi shingoni, na kofia ndogo kama kifuniko cha chupa. Alichotaka ni kimoja tu: mtoto yule akipanda basi kesho yake, awe na kitu mkononi cha kumfanya aulize habari za babu yake.

Wakaja. Waridi alikuwa amekonda. Akapiga magoti, "Shikamoo, Baba," na Halfani akaitikia, "Marahaba."

"Karibu, mke wangu!" Halfani akamwambia mjukuu, na Tusekile akajificha nyuma ya mama yake, jicho moja nje. Babu akamnyooshea wanasesere. Jicho la pili nalo likatoka.

"Huyu nani?"

"Bwana Harusi."

Waridi akamchukua Bwana Harusi. Akaitazama ile kanzu, akaitazama kofia, na uso wake ukabadilika.

"Baba," alisema polepole, "umempa mwanangu yule bwana wa Kiislamu uliyenitakia mimi."

Halfani akapigwa na butwaa. Wallahi hakuwa na nia hiyo. Fundi akiletewa kitu kilichochakaa hukirudisha kama kilivyokuwa, basi. Lakini nani angemsadiki, mtu aliyesema neno kama lile? Waridi alikwisha kujifunga kanga yake.

"Aga, Tusekile. Baba anatungoja juani."

"Halfani!" Bi Mwanakhamisi akapiga kelele. "Sema kitu, mwanamume wewe!"

Kusema hakukuwa kazi yake. Alichukua mkasi, akampokonya Waridi yule mwanasesere, na kanzu ya siku nne akaichana kutoka shingoni mpaka chini. Akamgeukia mtoto. "Mjukuu wangu, baba yako anavaaje?"

"Suruali," alisema Tusekile.

"Rangi gani?"

"Kaki. Ina kiraka hapa." Akajipiga matakoni.

"Nani kakitia?"

"Mama."

"Kakitia vizuri?"

Mtoto akafikiri. "Kimepinda."

Bi Mwanakhamisi akaangua kicheko. Waridi, binti wa fundi mzima, akauma mdomo asicheke, kisha akakaa ukingoni mwa mkeka. Halfani akachukua kipande cha kaki, akashona suruali, akatia na kiraka, na kiraka akakipinda kwa makusudi. Tusekile alikwisha mkaribia mpaka kumwegemea goti. Mzee aliogopa hata kusogea.

Suruali ikavalishwa. Tusekile akatikisa kichwa. "Sio Baba."

"Mbona?"

"Uso sio wake."

Halfani akafumua macho na midomo, nyuzi zikamdondokea mapajani. "Haya niambie, uso wake ukoje?"

"Ni wa Baba."

Mzee akamtazama Waridi amsaidie. Waridi akashangaa. "Si alikaa mbele yako, Baba, siku ile alipokuja kuposa? Hapo hapo, asubuhi nzima, akikubembeleza?"

Sindano ikashuka. "Sikumtazama," alisema Halfani. Aliona haya, na haya yake ilionekana. "Nilitazama viatu vyake. Leo nikikutana naye njiani simjui."

Halfani akainuka, akachomeka sindano kwenye ukosi, akamshika Tusekile mkono.

"Ndoa ile sikuiridhia, Waridi, na Mungu anajua bado inaniuma," alisema. "Lakini mtu nitamtazama."

Wakateremka wote wanne mpaka Ipogolo. Kando ya barabara mwanamume alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati. Alipomwona mkwe wake alivua kofia, akachutama, macho chini, kwa adabu ya kwao.

"Shikamoo, Baba."

Halfani akasimama mbele yake, akiona utosi tu. Akangoja. Utosi haukuinuka. Basi naye akachutama pale vumbini, magoti yakilia, mpaka wakalingana.

"Marahaba. Inua uso, mwanangu, nikuone."

Andendekisye akauinua. Miaka yote sita Halfani alikuwa amemchukia mtu mzima, jabari aliyemnyang'anya mtoto. Aliyekuwa mbele yake alikuwa kijana tu, na midomo ilikuwa inamtetemeka.